Moyo wa Kuthubutu Kuanza

Katika kila darasa wako wanafunzi wenye nia njema waliyoificha. Mmoja hutamani kuwa tabibu, mwingine hutamani kujenga madaraja, mwingine kuandika vitabu kwa lugha safi, na mwingine hutaka shamba lake liwe zuri kuliko yote ya kijijini. Nia hizi aghalabu hazisemwi. Mwenye nayo huiweka moyoni kama mtu awekaye mbegu katika kibuyu darini, akisema, "Siku moja nitaipanda." Mvua huja na kuondoka, mwaka hufuata mwaka, na mwisho mbegu ile huliwa na fukusi. Haikuharibiwa na jua wala na ndege. Iliharibika kwa sababu haikupandwa.

Wengi wakiulizwa kwa nini hawakuanza, hujibu ya kuwa walikosa fedha, au nafasi, au mtu wa kuwasaidia. Mara nyingi sababu hizo ni za kweli, wala si haki kuzidharau. Walakini iko sababu nyingine isiyotajwa, kwa kuwa inaona haya kujitokeza: mtu alijitilia shaka mwenyewe. Alijiona mdogo, akaiona kazi kubwa, akaketi kungoja mpaka moyo wake upate nguvu. Hapo ndipo lilipo kosa. Maana nguvu ya moyo haitangulii kazi. Kazi huanza, tena huanza kwa mikono isiyojua, na nguvu ya moyo huja nyuma yake.

Neno hili halina haja ya kutafutiwa ushahidi katika nchi za mbali tu. Ushahidi wake umo katika wilaya ya Rungwe, katika vilima vya kijani vinavyouzunguka mji wa Tukuyu, kwa yeyote atakayependa kuutazama.

Zamani, katika desturi ya Wanyakyusa, mtoto wa kiume alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenzake mpaka alipofika umri wa miaka 10 au 11. Hapo aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na wavulana wa rika lake walianzisha kijiji chao wenyewe, kando ya kijiji cha baba zao. Mwanachuoni Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika habari za desturi hiyo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1951. Anaeleza ya kuwa wavulana wale walipokuwa malishoni walijizoeza kwa kujenga vibanda vidogo vya mchezo. Kisha mmoja au wawili wao, pengine wakisaidiwa na kaka zao, walithubutu kujenga vibanda vya kulala kweli, na wenzao wakafuata.

Mtu na afikiri jambo hilo vizuri. Mtoto wa miaka 10 hajui kujenga nyumba. Hana nguvu za kukata miti mikubwa, wala macho ya kuona kama ukuta umesimama wima. Nayo mvua ya Rungwe si mvua ya mchezo: Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi katika Tanzania. Kama wavulana wale wangaliambiwa wangoje mpaka wawe mafundi ndipo wajenge, wasingalijenga kamwe, maana ufundi wa kujenga haupatikani ila kwa kujenga. Walianza wasipojua, na kwa kuanza wakajua. Kadiri walivyokua ndivyo nyumba zao zilivyokua. Wavulana wakawa vijana, vijana wakaoa, na kijiji cha vibanda kikawa kijiji cha watu wazima chenye nyumba, mashamba na watoto.

Nyumba hizo za watu wazima zilisifiwa na wageni. Msafiri Joseph Thomson wa Uskochi alipita Unyakyusa mwaka 1879, akashangazwa na uzuri na usafi wa vijiji vyake, hata akavisifu sana katika kitabu chake. Aliona mwisho wa kazi, wala hakuona mwanzo wake. Hivyo ndivyo watu watazamavyo mambo sikuzote. Huiona nyumba nzuri na kumwita mwenyewe fundi, lakini hawakukiona kibanda cha malishoni, ambacho pengine kilianguka kabla ya ng'ombe kurudi nyumbani. Kijana akilinganisha kibanda chake cha leo na nyumba ya mzee iliyokwisha, hujihukumu bure. Haki ni kulinganisha kibanda kwa kibanda.

Desturi ile ilikuwa ya wavulana tu, nayo ilififia katika karne ya 20. Lakini fundisho lake halikufifia, nalo ni la wasichana sawasawa na wavulana.

Iko pia desturi nyingine kubwa ya Wanyakyusa iliyoitwa ubusoka. Kila baada ya miaka kama 30 au zaidi, wazee waliokuwa wakitawala waliwakabidhi vijana nchi, wao wakasogea kando. Watawala wapya hawakuwa wamepata kutawala hata siku moja. Kama sharti la kutawala lingalikuwa kwamba mtu awe amekwisha kutawala, nchi ingalikosa mtawala. Katika sherehe hiyo mioto ya zamani ilizimwa, ukawashwa moto mpya kwa kupekecha vijiti. Basi moto wa namna hiyo una maana kwa mwenye kufikiri. Vijiti viwili vikiwekwa kando huwa baridi daima, hata vikingojwa mwaka mzima. Joto halimo ndani yao likisubiri saa yake. Joto huja kwa kupekecha. Anayesema, "Nitapekecha vijiti hivi vitakapopata moto," hatapika chakula chake. Na anayesema, "Nitaanza nitakapopata moyo," amesema neno lile lile.

Shaka ya nafsi humjia mtu kwa maneno mengi, lakini neno lake la kwanza ni hilo la wavulana wale: "Sijui kazi hii." Jibu lake limekwisha kuonekana. Neno lake la pili ni hili: "Mimi ni nani? Nimetoka wapi hata nikafanye jambo kubwa?" Neno hili huwapata zaidi watoto wa vijijini na watoto wa watu maskini. Hudhani ya kuwa mambo makubwa yako Dar es Salaam au Ulaya, na ya kwamba kijiji chao hakina kitu cha kumwonyesha mtu yeyote.

Habari ya kipunji yaweza kuwajibu hao. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama walikuwa wakizungumza na wenyeji wa vijiji vilivyo kandokando ya Mlima Rungwe, mlima wenye kimo cha mita 2,900 na zaidi. Wenyeji hao waliwatajia kima mmoja wa msituni, mwenye haya, aitwaye kipunji. Wataalamu wa dunia nzima hawakuwa na habari zake. Hakuwamo katika vitabu vyao. Watafiti wakaingia katika misitu ile yenye baridi na utelezi, wakamtafuta, nao wakamwona. Mwaka 2004 watafiti wengine walimwona katika milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 habari zake zikatangazwa duniani, na mwaka 2006 wataalamu wakakubali ya kuwa ni kima wa jamii ya peke yake kabisa, wakamwita kwa jina la kitaalamu Rungwecebus kipunji. Tangu mwaka 1923 jamii mpya ya kima wa Afrika haikuwa imepatikana.

Kama wenyeji wale wangaliona haya na kusema mioyoni mwao, "Maneno yetu ni ya porini, wasomi hawa watayacheka," kipunji angalikaa msituni bila kujulikana, na pengine bila kulindwa. Hawakuona haya. Walisema walichokijua kwa jina walilolijua, na leo jina la mlima wao na neno la kwao huandikwa katika vitabu vya lugha zote. Basi mtoto wa Rungwe asiseme ya kuwa kwao hakuna jambo. Pengine ujuzi anaoudharau, kwa sababu aliupata kwa bibi yake karibu na jiko, ndio ujuzi ambao mwenye elimu kubwa anautafuta.

Tena kuhusu swali la "Mimi ni nani?", hakuna katika Afrika ya Mashariki aliyekuwa na sababu nyingi za kujiuliza hivyo kuliko Siti binti Saad wa Unguja. Alizaliwa kijijini Fumba karibu na mwaka 1880, mtoto wa wazazi maskini wenye asili ya utumwa, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, naye binti akavichukua kwenda kuviuza. Hakuwa amesoma shule. Mwaka 1911, alipokuwa mtu mzima wa miaka 30 hivi, alihamia mjini, akajifunza uimbaji kwa waliokuwa wakiujua, akaanza kuimba mbele ya watu. Katika mji ule watu walipimwa kwa nasaba, kwa mali na kwa sura, na kwa vipimo hivyo vyote yeye alihesabiwa kuwa mnyonge. Lakini sauti yake iliimba kwa Kiswahili, ikasikiwa majumbani mwa wakubwa na vibandani mwa wadogo. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kufanya hivyo. Alipofariki mwaka 1950, alikuwa akiitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na mwandishi mkuu Shaaban Robert akaandika kitabu cha wasifu wake. Jina la Mtumwa alipewa na watu. Jina la Siti alilipata baada ya kuthubutu kuanza. Angalingoja mpaka watu wabadili maoni yao juu yake ndipo aimbe, asingaliimba, kwa maana ni kuimba kwake kulikobadili maoni yao.

Neno la tatu la shaka ni hili: "Nikishindwa, watu watanicheka." Hili ni neno lenye nguvu sana shuleni. Wanafunzi wengi huijua jibu la swali la mwalimu, nao hunyamaza. Au hawalijui, nao huogopa kuuliza. Kicheko cha wenzao huwatisha kuliko ujinga wenyewe, ingawa kicheko hudumu dakika moja, na ujinga usioulizwa hudumu miaka.

Mashariki mwa wilaya ya Rungwe inasimama safu ya milima inayoteremka mpaka Ziwa Nyasa, nayo huitwa Milima ya Livingstone. Wanafunzi hujifunza ya kuwa David Livingstone alikuwa msafiri mashuhuri, aliyefika Ziwa Nyasa mwaka 1859, akiongozwa katika safari zake na Waafrika waliozijua njia na ziwa lenyewe tangu zamani. Lakini hawaambiwi mara nyingi alivyoanza. Alizaliwa Blantyre katika Uskochi mwaka 1813, katika nyumba maskini, na alipopata umri wa miaka 10 alitiwa kazini katika kiwanda cha kusokota pamba, tangu saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini, akakisoma usiku baada ya kazi.

Alipokuwa kijana alikwenda kufundishwa kazi ya umisheni. Siku moja alitumwa kuhubiri katika kanisa dogo la kijijini. Alikuwa amejitayarisha, na maneno yake yote ameyaweka moyoni. Akasimama mbele ya watu, akasoma aya yake polepole, na papo hapo maneno yote yakamtoka akilini. Akawaambia watu ya kuwa amesahau yote aliyotaka kuwaambia, akateremka, akatoka nje mbio. Mwalimu wake alipoandika habari zake, aliandika kwa mashaka, na wakubwa karibu wamkatae. Ikawa ni kwa kuongezewa muda wa kujaribiwa tu ndipo alipokubaliwa. Mwaka 1840 alipata cheti cha utabibu, na mwisho wa mwaka huo akapanda meli kuja Afrika.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyekimbia mbele ya watu wa kijiji kimoja hakupona aibu yake kwa kujificha, bali kwa kujaribu mara ya pili. Wala hakugeuka kuwa msemaji hodari. Wengi waliomsikia walisema usemaji wake haukuwa mzuri. Lakini hakuifanya kasoro hiyo kuwa sababu ya kuacha kazi yote. Hili nalo ni fundisho: mtu haimlazimu kuwa hodari kwa kila jambo ili aanze jambo moja.

Neno la nne la shaka ndilo lenye hekima kuliko yote, na kwa sababu hiyo hudanganya zaidi. Husema: "Kazi hii ni ya miaka mingi, malipo yako mbali mno." Hapo shaka haisemi uongo. Mambo mema mengi huchelewa kweli. Lakini kuchelewa kwa matunda si sababu ya kuchelewa kupanda. Ni sababu ya kupanda mapema.

Mashamba ya chai yanayoonekana leo pande zote za Tukuyu, yakiwa yamelazwa juu ya vilima kama mikeka, hayakutokea kwa siku moja. Katika nchi ambayo sasa ni Tanzania bara, chai ilipandwa kwa kujaribiwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na mwaka 1904 ikapandwa Kyimbila, karibu na Tukuyu. Haikulimwa kwa biashara mpaka mwaka 1926. Tangu jaribio la Kyimbila mpaka biashara ile, ni miaka 22. Na kwa muda mrefu ilikuwa zao la mashamba makubwa ya wageni. Mkulima mdogo wa Kinyakyusa alikuwa kibarua katika chai, wala si mwenye chai. Ni katika miaka ya 1960, baada ya Uhuru, ndipo wakulima wadogo walipoanza kupanda chai yao wenyewe kwa wingi, na baadaye viwanda vya kusindika majani yao vikajengwa Katumba na Mwakaleli.

Mkulima yule wa kwanza alihitaji moyo. Shamba lake dogo lilikuwa na migomba, maharagwe na kahawa, vitu alivyovijua tangu utoto. Kupanda chai ni kutoa sehemu ya ardhi hiyo, kuchimba mashimo, kupanda miche, kuipalilia na kuikata vichwa ili itanuke badala ya kurefuka, na kwa muda wa miaka kama 3 kupata karibu na bure. Jirani yake alikula ndizi za shamba lake, yeye akatazama miche isiyolika. Hapana shaka walikuwako waliomcheka. Lakini mche wa chai uliokwisha kushika huchumwa miaka mingi, majani mawili na chipukizi, juma baada ya juma, hata ukamfaa mjukuu wa aliyeupanda. Bei ya majani mabichi haikuwa nzuri sikuzote, na wakulima wengi wamepata uchungu kwa ajili yake. Hata hivyo walijifunza kutunza zao la kudumu, na katika miaka ya karibuni wengi wa Rungwe wameanza kupanda miparachichi ya kubebeshwa, ambayo matunda yake huuzwa hata ng'ambo. Aliyethubutu mara moja huona mara ya pili kuwa nyepesi.

Basi iko miaka mitatu ya mche wa chai katika kila kazi njema. Anayejifunza Kiingereza ana majira yake ya kusema vibaya. Anayejifunza hesabu ana majira ya kukosa. Anayejifunza kushona ana nguo ya kwanza isiyovalika. Katika majira hayo mtu huona ya kuwa hafai, kumbe ni mche wake tu haujafikia kuchumwa.

Labda mzee mwenye busara atasema: "Maneno haya yatawaharibu vijana. Watakurupuka. Je, methali haisemi ya kuwa haraka haraka haina baraka?" Mzee huyo ana haki ya kusikilizwa. Wako vijana wanaoacha shule kwa tamaa ya fedha za upesi, wakisema wanafuata ndoto zao. Wako waliouza mali ya wazazi kwa biashara wasiyoijua. Hao hawakuthubutu; walicheza kamari. Tofauti iko wazi. Wavulana wa Unyakyusa hawakuanza kwa nyumba kubwa. Walianza kwa vibanda vya mchezo, tena vibanda vyao vya kulala vilikuwa karibu na vijiji vya baba zao, na chakula walikwenda kula kwa mama zao. Kyimbila haikuanza kwa kung'oa migomba yote ya nchi, ilianza kwa jaribio. Mwanzo mwema ni mdogo kiasi kwamba mtu akianguka ataweza kuinuka.

Kadhalika shaka yenyewe si adui wakati wote. Mtu asiye na shaka kabisa ni mtu wa kuogopwa. Shaka ina haki ya kuuliza: Je, unayo jembe? Je, umemwuliza anayejua? Je, wajua gharama? Maswali hayo yajibiwe. Lakini yakiisha kujibiwa, shaka isipewe kiti cha kukaa siku zote. Maana kujitayarisha na kuahirisha hufanana sana kwa nje, hata mtu huweza kujidanganya mwenyewe. Kipimo chake ni rahisi. Anayejitayarisha, mwishoni mwa juma ana kitu cha kuonyesha: ukurasa aliouandika, miche kitaluni, swali aliloliuliza. Anayeahirisha ana sababu tu. Na wahenga waliosema juu ya haraka ndio hao hao waliosema ya kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tena si kweli ya kuwa kila aanzaye hufika. Maneno hayo matamu husemwa kwa vijana, nayo si ya haki. Wako wanaoanza vizuri, ugonjwa ukawazuia, au ufukara, au kifo cha mzazi. Wako wanaogundua njiani ya kuwa kazi waliyoitamani si yao, wakageukia nyingine. Lakini hata hao si sawa na yule asiyeanza. Mwenye kuanza akashindwa anajua kitu: anajua mto una kina gani na jiwe gani huteleza. Asiyeanza hajui hata hilo, naye huzeeka akidhani labda angaliweza, na "labda" hiyo humsumbua kuliko kushindwa kwenyewe.

Mwisho, mzigo huu si wa vijana peke yao. Katika desturi ile ya zamani, kaka waliwasaidia wadogo zao kujenga, na wenzao walikaa pamoja nao, maana Wanyakyusa walisifu sana ukwangala, yaani furaha ya kukaa na kuzungumza na wenzi wema. Mvulana mmoja peke yake asingalithubutu kulala porini. Wavulana kumi walithubutu. Wazazi, walimu na ndugu wakubwa wa siku hizi nao wajiulize: mtoto akileta kibanda chake kilichopinda, yaani shairi lake la kwanza, au bustani yake ya kwanza, au neno lake la kwanza la lugha ngeni, wao hushika nguzo au hucheka? Kicheko cha mtu mzima huzima moto ambao pengine hautapekechwa tena. Na wanafunzi wenyewe, wanaposikia mwenzao akikosea kwa sauti mbele ya darasa, wajue ya kuwa huyo amefanya jambo ambalo wao waliokaa kimya hawakulithubutu.

Watu wa pwani husema, mwanzo kokochi, mwisho nazi. Mtoto wa Rungwe akulia kwenye migomba, wala si kwenye minazi, lakini maana yake anaielewa. Anayetaka kuwa tabibu haanzi hospitalini. Huanza katika somo la sayansi la leo, kwa kuuliza jambo ambalo hakulielewa jana. Anayetaka kuwa mwandishi huanza kwa barua moja safi kwa shangazi yake. Anayetaka shamba zuri huanza kwa tuta moja alilolipalilia vizuri nyuma ya nyumba. Mkono wake utatetemeka anapouinua darasani kuuliza, wala hapana ubaya. Na auinue hivyo hivyo, ukitetemeka.